Rais akivuliwa kofia ya serikali, anabakiwa na kazi gani?

#1. Mleta mada, Moshi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu umetokana na ubishi wa Jumapili iliyopita kwenye kikao cha ukoo wetu huku Old Moshi. Kijana wetu mmoja anayesoma sheria alisema nchi ikishakuwa na Waziri Mkuu mwenye serikali yake, rais wa pembeni ni mtu wa kukata utepe na kula posho. Wazee walinyamaza. Mimi nilijibu, lakini giza lilikuwa limeingia, watu wanatafuta usafiri wa kushuka mjini, na nilichotaka kusema hakikutoka vizuri. Naomba nikiseme hapa kwa utulivu.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 33, inampa mtu mmoja kofia tatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Tumezizoea zikikaa kichwa kimoja kiasi kwamba tunaziona kofia moja. Kwenye jamhuri za kibunge ile ya katikati anavaa Waziri Mkuu, na Bunge linaweza kumvua wakati wowote kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Rais anabaki kuwa mkuu wa nchi. Anaapisha, anapokea mabalozi, anatia saini miswada, anamwita wa kuunda serikali baada ya uchaguzi, na karibu yote hayo anayafanya kwa ushauri wa mawaziri. Kwetu ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu, isipokuwa pale Katiba inapomtaka. Wenzetu wamegeuza: ushauri ndio unaomwongoza, na uhuru wake ndio mchache. Ujerumani wako hivyo, India, Italia, Ireland, na Afrika hii hii wapo Ethiopia na Mauritius.

Na sisi tulikigusa kitu hicho kwa mwaka mmoja. Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha Mwenge na bendera kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mkuu wa nchi ya Tanganyika huru alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962, akamwachia Kawawa. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa jamhuri, na badala ya kumkalisha Mtanganyika kwenye kiti kile cha heshima, tukaviunganisha viti viwili kuwa kimoja. Kwa hiyo tunapokicheka kiti hiki, tukumbuke kwamba mwenyeji hajawahi kukikalia hapa kwetu.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Mkuu wa ukoo wetu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, hakushika daftari la fedha. Hilo lilikuwa kwa katibu. Hakugawa kihamba, yaani shamba la migomba la familia, la mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele, kupokea kipande cha kwanza cha nyama, na mwisho wa kikao kuweka dole gumba kwenye muhtasari. Bila dole lile, hakuna aliyeuhesabu uamuzi kuwa wa ukoo. Mwaka mmoja mjane wa baba yangu mdogo alikuwa ananyang'anywa mistari minne ya migomba upande wa mfereji. Kikao kilishaamua. Muhtasari umeandikwa, umesomwa, kibati cha wino kiko mezani kimefunguliwa. Mzee akauliza, "Huyu mama amesema nini?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa nje anaosha sufuria.

Mzee akafunga kibati, akakitia mfuko wa koti, akasema tuonane Jumapili ijayo.

Hakubatilisha uamuzi. Hakusema nani ana haki. Alirudi kwake na kibati mfukoni, na wiki ile moja ikawafanya watu wazima waanze kukwepana macho njiani. Jumamosi usiku shemeji mmoja alikwenda kwa yule mama na jani la isale mkononi, na Mchagga anajua mtu akikujia na isale anaomba msamaha.

Nikisikia "rais wa heshima" mimi naona kibati kile. Mwaka 2002 Rais wa Mauritius, Cassam Uteem, aliletewa sheria ya kupambana na ugaidi ambayo hakukubaliana nayo. Katiba yao inamruhusu rais kurudisha muswada mara moja. Ukipitishwa tena, anatakiwa asaini. Uteem alikataa kusaini, akajiuzulu. Makamu wake naye akakataa, akajiuzulu. Mwishowe Jaji Mkuu akikaimu ndiye aliyesaini. Sheria ilipita, lakini nchi nzima ilikuwa imelazimika kuitazama.

Naomba kuwasilisha.

#2. Mchangiaji, Pasua, Moshi

Mleta mada nimekusoma hadi mwisho na hadithi ya mzee imenigusa. Lakini taifa si ukoo. Mzee wenu alikuwa anamjua yule mjane kwa jina. Rais anamjua nani?

Halafu kuna gharama. Ikulu mbili, misafara miwili, walinzi mara mbili, na mafao ya kustaafu mara mbili. Mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, kodi nalipa kila robo mwaka, na ninapofikiria kumlipia mtu mshahara ili mara moja katika miaka kumi afunge kibati, moyo unasita.

Tena hiyo mara moja yenyewe huwa haifiki. India usiku wa tarehe 25 Juni 1975, Indira Gandhi alimpelekea Rais Fakhruddin Ali Ahmed tangazo la hali ya hatari. Alilisaini usiku ule ule. Baraza la Mawaziri lilikuja kuambiwa asubuhi, wakati wapinzani wameshakamatwa. Miezi 21 watu wakakaa bila haki zao. Kibati kilikuwa wapi?

#3. Mleta mada

Mkuu wa Pasua, hilo la 1975 halina utetezi na sitalitetea. Mtu alipewa kalamu kwa ajili ya usiku kama ule, na usiku ulipofika akaitumia kama mhuri.

Ila angalia Wahindi walifanya nini baadaye. Marekebisho ya 44 ya katiba yao, mwaka 1978, yaliweka kwamba rais hawezi kutangaza hali ya hatari mpaka uamuzi wa Baraza la Mawaziri umfikie kwa maandishi. Na yakampa haki ya kuwarudishia mawaziri ushauri wao mara moja wautafakari upya, wakiurudisha, anaufuata. Kiti walikiacha, tundu wakaliziba.

Ujerumani walitoka upande mwingine. Rais wao wa zamani, Hindenburg, alikuwa na ibara ya 48 iliyomruhusu kutawala kwa amri za dharura, na ndiye aliyemteua Hitler kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Walipoandika upya mwaka 1949 walimpunguza rais hadi akabaki na kalamu, sauti na kazi chache za wakati wa mkwamo wa Bunge. Kalamu hiyo hata hivyo inafanya kazi. Mwaka 2006 Horst Köhler alikataa kusaini sheria ya kubinafsisha uongozaji wa ndege angani kwa sababu aliona inapingana na katiba, na serikali ikabaki kurudi mezani.

Kuhusu gharama sina cha kukupinga kwa tarakimu. Nasema tu kwamba nchi yenye mtu mmoja wa kofia tatu nayo ina misafara.

#4. Mchangiaji, Arusha

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimekaa nikisoma bila kuandika, lakini mada hii imenirudisha mbali. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naendesha teksi hapa Arusha, naegesha nje ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Wajumbe wa Rwanda, wa serikali na wa waasi wa RPF, walikuwa wanakuja na kuondoka kwa zaidi ya mwaka kwa mazungumzo ya amani. Niliwabeba wa pande zote mbili. Wa upande mmoja wakiingia garini walizungumza wao kwa wao kwa sauti ya chini hata kama mimi sielewi Kinyarwanda. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, kila nikimfikisha hotelini alibaki amekaa dakika nzima kabla ya kufungua mlango. Sikujua anawaza nini, na sikuthubutu kumuuliza.

Wengi wanaposikia Mkataba wa Arusha wa 4 Agosti 1993 wanakumbuka kugawana jeshi na kurudisha wakimbizi. Wachache wanajua kwamba kiini chake kilikuwa mada hii hii ya mleta uzi. Mkataba ule ulimvua Rais Habyarimana kofia ya serikali. Madaraka yalihamia kwa Baraza la Mawaziri chini ya Waziri Mkuu, aliyetajwa kuwa Faustin Twagiramungu. Wizara 21 zilihesabiwa moja moja: chama cha rais 5, RPF 5, na vyama vingine, MDR 4 pamoja na uwaziri mkuu, PSD 3, PL 3, PDC 1. Rais abaki kuwa mkuu wa nchi, asaini yale baraza limeamua. Yaani ni hapa hapa mjini kwetu, chini ya usuluhishi wa Tanzania, rais aliyekuwa na kila kitu tangu 1973 aliandikiwa kuwa rais wa heshima. Naye alisaini, pamoja na Kanali Kanyarengwe wa RPF, mbele ya Mzee Mwinyi.

Nakumbuka siku ile. Ving'ora, barabara zimefungwa, sisi wa teksi tumesogezwa pembeni huku tunapiga makofi. Tulidhani imekwisha.

Januari 1994 Habyarimana aliapishwa kuwa rais wa mpito. Serikali ya mpito haikuapishwa. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Tarehe 6 Aprili alikuwa anatoka kwenye kikao Dar es Salaam ndege yake ikatunguliwa Kigali, na kesho yake aliyekuwa Waziri Mkuu, mama Agathe Uwilingiyimana, akauawa. Yaliyofuata mnayajua, na baadaye mahakama ya kimataifa ya mauaji yale ya kimbari ikaja kukaa kwenye majengo yale yale ya AICC. Nikawa nabeba mashahidi na wanasheria badala ya wajumbe.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada ni hili. Karatasi ya kumfanya mtu kuwa rais wa heshima tuliiandika hapa Arusha, tena kwa umakini mkubwa. Mbona haikushika?

#5. Mleta mada

Mzee wangu wa Arusha, marahaba... samahani, shikamoo wewe, maana kwa miaka hiyo unanizidi sana. Niliposoma ulichoandika nilifunga simu, nikarudi baada ya chakula cha usiku.

Nadhani haikushika kwa sababu heshima ilipelekwa kwa mtu ambaye nguvu zake zilikuwa zimebaki mahali pengine. Kikosi cha ulinzi wa rais kilikuwepo. Chama kilikuwepo, na vijana wake wenye silaha, na watu waliomzunguka ambao wangepoteza kila kitu karatasi ile ikitekelezwa. Kofia ya serikali ilivuliwa kwenye maandishi, mikono ikaachwa ilivyo.

Na hili ndilo sikulisema vizuri kwenye #1. Nilisifu kibati cha mzee bila kusema kwa nini kilifanya kazi: mzee hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na mstari hata mmoja wa migomba unaopakana na ule mgogoro. Angekuwa nao, wote tungesema amefunga kibati ili ajinufaishe, na yule mama angekuwa ameponzwa.

Majirani zetu Uganda walilionja hili kabla ya Rwanda. Tarehe 9 Oktoba 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, walimfanya Kabaka Mutesa II kuwa Rais asiye mtendaji, na Obote akabaki Waziri Mkuu. Mtu mmoja, viti viwili: rais wa Waganda wote, na mfalme wa Buganda peke yake. Mwaka 1964 ikaja kura ya maoni ya kaunti zilizopotea, ardhi ambayo Waingereza waliitoa Bunyoro wakaipa Buganda. Watu wa Buyaga na Bugangaizi walichagua kurudi Bunyoro. Sheria ya kutekeleza kura hiyo ikaenda kwa Rais ili asaini.

Fikirini mkono ule juu ya karatasi. Akisaini, anakata ardhi ya ufalme aliourithi. Asiposaini, ni rais anayekataa kura ya raia wake. Hakusaini, na jambo likakamilishwa bila yeye. Tangu hapo kila alichofanya kama rais kilisomwa kama cha Kabaka. Februari 1966 Obote alikamata mawaziri watano ndani ya kikao, akasimamisha katiba, akachukua urais. Tarehe 24 Mei jeshi likapiga ikulu ya Mengo. Mutesa alitoroka, akafia London Novemba 1969. Uganda haijawa na rais wa heshima tena.

#6. Mchangiaji, Sakina, Arusha

Kaka mleta mada, nimefuatilia kwa makini. Mimi nafundisha uraia sekondari na wanafunzi huniuliza swali dogo kuliko haya yote: nani anamchagua? Nadhani majibu yenu yote yanategemea hapo.

Ireland wananchi wanapiga kura wenyewe, muhula miaka saba. Ujerumani anachaguliwa na mkutano wa wabunge na wawakilishi wa majimbo, miaka mitano. Ethiopia ni mabunge mawili yakikaa pamoja kwa theluthi mbili, miaka sita, na akiwa mbunge anaacha kiti. Mauritius Waziri Mkuu ndiye anayeleta hoja bungeni na kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote zinatosha. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Aliyeletwa na Waziri Mkuu atamfungia kibati Waziri Mkuu?

Na akitoka anaishije? Negasso Gidada alikuwa Rais wa Ethiopia 1995 hadi 2001, akatofautiana na wakubwa wa chama. Sheria ilisema rais mstaafu akirudi kwenye siasa za vyama anapoteza marupurupu. Mwaka 2005 aligombea ubunge kama mgombea binafsi, akashinda, na mafao yakakatwa. Mtu anayejua kwamba nyumba na matibabu yake viko mkononi mwa anaowasimamia, kalamu inamtetemeka.

#7. Mleta mada

Mwalimu, umepiga penyewe. Uteem naye aliletwa kwa hoja ya Waziri Mkuu, na bado alikataa, kwa hiyo utaratibu mbaya haumzuii mtu mwema. Lakini katiba haiandikwi kwa kutegemea bahati ya kumpata Uteem. Mimi ningechukua theluthi mbili ya Ethiopia, muhula usiofuatana na wa Bunge, na mafao ambayo Bunge haliruhusiwi kuyagusa.

Wazee wetu huku walishalijadili swali lako kwa namna yao. Tangu 1952 Wachagga walikuwa na Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, Thomas Marealle. Mwaka 1960 watu walipiga kura kama wanataka mkuu wa kudumu au rais wa kuchaguliwa kwa muda, wakachagua wa muda, na Solomon Eliufoo akawa Rais wa Wachagga. Baba yangu alisimama kwenye foleni ile. Alisema hawakumchukia Mangi Mkuu. Walitaka mlango wa kutokea uwepo.

Kabla sijasahau, kuna kazi moja ya rais wa heshima ambayo hakuna aliyeigusa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea, akakaa na wajukuu wa walionyongwa katika vita vya Majimaji, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Nilitazama kwenye runinga nikiwa na mama yangu. Huku kwetu tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, na familia imekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Steinmeier hana hazina ya kulipa fidia, hana wizara, na hawezi kuamuru makumbusho. Mama alitazama hadi mwisho, akasema, "Amekuja bila kutumwa kununua kitu." Kansela angefika na mkoba wa mikataba. Yule alikuja na jina la nchi yake tu. Madeni yaliyobaki, mafuvu yakiwemo, ni ya serikali yao na bunge lao, na tuendelee kuwadai.

#8. Mchangiaji, Pasua, Moshi

Nimelainika kidogo, sikatai. Swali la mwisho kwako. Wewe ndiye Mutesa, mwaka 1964, karatasi ya kaunti iko mbele yako. Unafanyaje?

#9. Mleta mada

Ningependa kurudi nyuma hadi Oktoba 1963 nikatae kiti cha pili. Lakini umeniweka 1964, basi nakujibu nikiwa hapo.

Ningemwita Obote. Ningemwambia siwezi kusaini kuitoa ardhi ya wazee wangu, na siwezi kuzuia kura ya watu wa Buyaga na Bugangaizi. Kwa kuwa mikono yangu miwili inavutana, kiti hiki cha urais chukueni mumpe mtu asiye na ufalme. Ardhi ingeondoka vilevile. Kiti huenda kingebaki.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililolijua baadaye sana. Siku ya msiba wa mzee wetu, mke wake aliniita jikoni. Akaniambia kwamba wiki ile ya mjane, Jumamosi ile, mzee alikuwa ameshatoa fimbo ya ukoo kwenye pembe ya nyumba, ameifuta mafuta, ameiviringisha kwenye gazeti na kibati cha wino pamoja. Wangeshikilia uamuzi wao Jumapili, angekwenda kuviweka mezani na kurudi nyumbani kulisha ng'ombe.